Thesaloniki kwa Basi, Athene kwa Hasira

Kitu cha kwanza alichokijua Asimina kuhusu Stergios ni uzito wa sanduku lake, kwa sababu lilimwangukia mguuni.

Ilikuwa Ijumaa asubuhi, ndani ya ukumbi wa tiketi wa stesheni kuu ya treni, Athene. Kipaza sauti kilikuwa kimetoka kutangaza kwamba wafanyakazi wa reli wamegoma na hakuna treni itakayokwenda kaskazini siku hiyo. Umati mzima uligeuka kwa pamoja kukimbilia milangoni, na katika kusukumana huko sanduku la mbao likamponyoka kijana mmoja mrefu.

"Mama yangu weee! Kidole changu!"

"Samahani dada, samahani sana! Ni mota ya lifti."

"Mota ya nini?"

"Ya lifti. Mimi ni fundi wa lifti."

"Na mimi nafanana na ghorofa?"

Stergios alimtazama. Mbele yake alisimama mwanamke wa miaka kama thelathini, koti la mvua la manjano, nywele za mawimbi zimebanwa juu kwa penseli, miwani ya fremu ya buluu imekaa upande kwa sababu ya ule msukosuko. Alikuwa na duka la miwani mtaa wa Kipseli, na hakuwa mtu wa kumeza maneno yake. Stergios yeye alivaa jaketi la ngozi lililochakaa viwikoni, na aliongea polepole, akiivuta kila silabi, kama waongeavyo watu wa Thesaloniki wanapotaka kuwaudhi Waathene, na hata wasipotaka.

"Hufanani na ghorofa hata kidogo," alisema. "Nikubebee mkoba?"

"Beba mota yako, baba. Mimi nakwenda kupanda ndege. Kesho binamu yangu anambatiza mtoto Thesaloniki, na mimi ndiye mama wa ubatizo."

"Ndege!" Stergios aliguna. "Uende hadi uwanjani, ambako ni kama kwenda nchi nyingine. Usubiri. Wakuvue mkanda, wakunyang'anye chupa ya maji. Upae kidogo, ushuke, usubiri mkoba wako, halafu teksi ikwame kwenye foleni. Basi je? Linakuchukua hapa, linakushusha pale. Saa sita. Unalala, unaamka, unakula, umefika."

"Saa sita umekunjwa kama shati! Mwenye gari anafika kwa saa tano."

"Na tozo za barabarani? Kila ukikanyaga mafuta, kibanda kingine kinanyoosha mkono."

Mama mmoja aliyekuwa na kapu la machungwa aliingilia kati. "Nyamazeni nyote. Treni ndiyo bora. Unaona bahari, unaona mlima, unanyoosha miguu."

"Iko wapi hiyo treni, mama?" aliuliza Asimina, na waliokuwa karibu wakaangua kicheko. Naye, akiwa ameonja utamu wa kuchekesha watu, akamgeukia tena Stergios. "Mimi nakwambia, mwanamume anayeikimbia ndege akapanda basi huyo ni bibi kizee mwenye masharubu."

Kicheko kilikuwa kikubwa zaidi. Stergios naye alicheka, ila masikio yake yaligeuka mekundu, na Asimina, ambaye kazi yake ni macho ya watu, hakuliona hilo.

Ndege zote zilikuwa zimejaa. Wote waliokosa treni walikuwa wamekimbilia simu zao kabla yake. Mchana ulimkuta Asimina ndani ya basi, kiti cha dirishani, na jirani yake alikuwa fundi wa lifti aliyekumbatia mota.

"Neno moja tu," alimwonya, "ukisema neno moja tu, nashuka."

"Sijasema kitu."

"Uso wako unasema."

Mpaka wanafika mahali pa mapumziko katikati ya safari, tayari alikuwa anajua kwamba Stergios anaishi na mama yake mjane, Kiria Tasula, yaani Bibi Tasula, na kwamba huning'inia kwenye nyaya ndani ya mashimo ya lifti ghorofa ya nane bila moyo kumwenda mbio. Walipanga foleni ya mishikaki. Asimina aliagiza "kalamaki," kama wanavyoiita kwao.

"Hapa watakuelewa," Stergios alimnong'oneza. "Lakini ukifika kwetu ukaagiza hivyo, watakuletea mrija wa kunywea soda."

"Nyinyi watu wa kaskazini mna matatizo."

"Tuna mishikaki."

Asimina alicheka hadi akakwamwa na mkate. Walipopita bonde la Tempi basi zima lilinyamaza, kama linavyonyamaza siku zote tangu ile ajali ya treni iliyoua watu wengi hapo. Watu walifanya ishara ya msalaba. Asimina alijikuta ameushika mkono wa Stergios, na bonde lilipokwisha hakuuachia.

*

Hivyo ndivyo penzi lao lilivyoanza, na lilikuwa penzi la barabarani. Mwisho wa juma huu Stergios alishuka Athene, mwisho wa juma ujao Asimina alipanda Thesaloniki. Yeye kwa ndege, Stergios kwa basi au treni, siku zote. Hakumuuliza kwa nini. Alidhani ni ubahili, na akamsamehe.

Siku za kazi walikuwa na simu.

"Umekula, mboni yangu?"

"Nimekula. Wewe uko wapi? Mbona sauti inarudi rudi?"

"Niko ndani ya shimo la lifti. Naning'inia."

"Stergios! Umepokeaje simu huku unaning'inia?"

"Si ni wewe."

"Kata! Kata simu, mwendawazimu wewe! Shika waya!"

"Kwanza sema unanipenda."

"Nakupenda, shika waya!"

Baada ya mwaka na kitu, waliamua familia zikutane na neno la uchumba litolewe. Ilikuwa zamu ya Stergios kusafiri, basi mkutano ukawekwa Athene, Jumapili ya mwisho ya Januari, nyumbani kwa baba yake Asimina. Mzee Periklis alikuwa dereva wa teksi aliyestaafu, mjane, mtu wa maneno machache na mori wa karibu. Kiria Tasula, ambaye magoti yalikuwa yanamsumbua na baridi ile, alimpa mwanawe baraka zake na sinia la vitumbua vya asali, akabaki nyumbani.

Siku tatu kabla ya Jumapili hiyo wakulima walileta matrekta yao barabara kuu wakaifunga, kama wafanyavyo karibu kila kipupwe bei zao zinapoanguka. Mabasi yakasimama. Reli nayo ilikuwa imelaliwa na theluji.

"Usijali, roho yangu," Asimina alisema kwenye simu. "Nimekununulia tiketi ya ndege. Jumapili asubuhi unapaa, adhuhuri uko mezani. Nimeshakutumia. Stergios? Upo?"

"Nipo."

"Umefurahi?"

"Nimefurahi, mpenzi. Sana."

Jumapili ilifika. Asimina alivaa gauni la rangi ya divai lililomkaa kiunoni kama limeshonewa juu ya mwili wake, na hereni za marehemu mama yake. Mwanakondoo alikuwa tanurini na viazi na ndimu, harufu imejaa hadi ngazini. Mzee Periklis alivaa tai. Shangazi wanne waliketi kochi moja wakiwa wamepaka midomo rangi. Adhuhuri ikafika, ikapita. Simu ya Stergios ilikuwa imezimwa.

"Labda ndege imechelewa," alisema shangazi wa kwanza.

"Nimeangalia," alisema wa pili. "Imetua zamani."

Mwanakondoo alitolewa, akarudishwa tanurini, akatolewa tena akiwa mkavu. Hakuna aliyegusa. Mwisho Mzee Periklis alifungua tai yake, akaiweka mezani kando ya sahani ya mgeni, akaenda chumbani kwake na kufunga mlango. Asimina aliusikia mlango ule ukifungwa, na hakuna kofi lililowahi kumuuma namna hiyo.

Jioni simu ililia.

"Asimina, roho yangu, nisamehe. Nilikula kome wabovu jana. Nimetapika usiku kucha. Nilishindwa hata kuinuka kitandani."

"Kitandani?"

"Kitandani kabisa."

"Pole," alisema Asimina. Alikuwa anataka kuamini, na karibu aamini.

Lakini kabla hajalala simu ikalia tena, na safari hii alikuwa binamu yake Garifalia, yule mama wa mtoto wa ubatizo. Garifalia aliuza kahawa kwenye ukumbi wa uwanja wa ndege wa Thesaloniki.

"Dada, sijui nikwambie vipi."

"Niambie hivyo hivyo."

"Nimemwona leo asubuhi. Amevaa suti, ana sinia la vitumbua. Amefika hadi pale pa ukaguzi. Halafu kaja mwanamke, koti la kijani, mrembo, wallahi simdanganyi mtu. Wamekumbatiana. Amemlazia kichwa begani! Wametoka hivyo, mwanamke amemshika kiuno, wakaingia teksi moja. Nilikuwa na foleni ya wateja, nilishindwa kuwakimbilia."

"Una uhakika ni yeye?"

"Asimina, yule mtu ameshakula nyumbani kwangu."

Asimina alikata simu. Alikaa ukingoni mwa kitanda na gauni lake la rangi ya divai. Hakulia. Kilichomjia hakikuwa kilio. Kilikuwa kitu kigumu, baridi, kilichotulia. Alitaka Stergios akae mezani mbele ya watu wake. Alitaka nyama imkaukie. Alitaka mtu mzima ambaye Stergios anampenda avuliwe heshima yake mbele ya macho yake, na yeye asiwe na la kufanya.

*

Asubuhi alimpigia kwa sauti ya asali.

"Umepona, mpenzi?"

"Nimepona. Umenisamehe?"

"Kome ni kome. Utawalaumu vipi? Sikiliza, nimewaza. Mama yako magoti yanamuuma, baba yangu amenuna. Tufanyie kwenu. Jumapili ya mwisho kabla ya Kwaresima. Mimi nitakuja, baba atafuata."

"Kweli, Asimina?"

"Kweli. Ila nataka watu. Usinifanyie kitu cha watu watatu. Ita wajomba, ita majirani. Yule mjomba wako wa Kozani, naye aje."

"Mjomba wa Kozani hajatoka kwake miaka!"

"Basi mwambie ni mimi ninayemwita."

Ndivyo alivyofanya kwa wiki zote zile. Alimpigia Kiria Tasula kumuuliza anatia mdalasini kiasi gani kwenye pai ya vitunguu liki. Alituma picha za viatu. Alichagua mwenyewe mgahawa, kule Kalamaria ufukweni, wenye kuta za vioo, kwa sababu mkabala wake, ng'ambo ya barabara, palikuwa na duka la kahawa. Garifalia aliujua mpango wote.

"Unatisha," alimwambia.

"Bado."

Siku yenyewe, alimwambia Stergios anakuja na ndege ya asubuhi. Ukweli ni kwamba alikuwa amefika kwa treni tangu Jumamosi, akalala kwa Garifalia. Adhuhuri aliketi dirishani kwenye lile duka la kahawa, koti jeusi limefungwa hadi shingoni, miwani mikubwa ya jua usoni. Aliagiza kahawa chungu, bila sukari.

Aliwaona wote. Mjomba wa Kozani na fimbo yake, amevaa fulana ya sufu na koti la harusi za zamani. Majirani. Kiria Tasula katikati, nywele zimetengenezwa saluni, bruchi ya lulu kifuani, akimpanga kila mtu kwa mkono. Na Stergios, suti ya samawati iliyoiva, mwenye haraka ya kutazama mlango kila ulipofunguka. Kando yake kiti kitupu kilichofungwa utepe mweupe.

Asimina alisubiri hadi sahani za kwanza zipoe. Kisha akapiga.

"Mboni yangu! Uko wapi? Tumeshaanza kuogopa! Ndege imetua?"

"Nilifika uwanjani," alisema Asimina polepole. "Nilifika hadi pale pa ukaguzi. Halafu nikageuka. Nimeondoka na mtu, kwa teksi."

Kupitia vioo viwili alimwona Stergios akisimama. Alimwona rangi ikimtoka.

"Nani amekuambia?"

Maneno hayo mawili yalimtosha Asimina. Mtu asiye na kosa angeuliza unasema nini. Huyu aliuliza nani amekuambia.

"Waambie wageni wako kwamba nimekula kome," alisema, na kukata.

Ilikuwa tamu. Tusidanganyane, ilikuwa tamu kuliko penzi lenyewe. Alimwona Stergios akibaki na simu mkononi. Alimwona mjomba wa Kozani akiuliza kitu na hakuna anayemjibu. Aliunywa utamu ule hadi tone la mwisho. Kisha Kiria Tasula akainuka, magoti yakamkatalia, akashika ukingo wa meza, akainuka tena. Aliwaambia watu kitu kifupi, pengine "kuleni." Akaufungua ule utepe mweupe kwenye kiti, taratibu, fundo baada ya fundo, akaukunja, akautia ndani ya mkoba wake kana kwamba bado una kazi. Bruchi ilikuwa imemwinama kifuani.

Asimina aligeuza uso. Aliacha pesa mezani akatoka bila kumaliza kahawa.

*

Simu ya Kiria Tasula ilimkuta jikoni kwa Garifalia, alasiri ile ile.

"Wewe ndiye Asimina?"

"Ndiye, mama."

"Usiniite mama. Nakupigia nikwambie kitu kimoja halafu namba yako naifuta. Mwanangu anaogopa ndege. Umesikia? Tangu mtoto. Ananing'inia kwenye waya kama buibui, lakini kwenye ndege hapandi, na hajui kwa nini, na mimi sijui kwa nini. Siku ile alikwenda kwa ajili yako. Amevaa suti, amekunywa dawa ya kutuliza moyo. Alipofika pa ukaguzi miguu ikamkatika. Akaanza kutweta, akadhani anakufa. Kuna binti mmoja muuguzi, alikuwa amemsindikiza mama yake, ndiye aliyemshika. Amemtapikia viatu, yule mtoto wa watu! Akampakia teksi akamleta hadi mlangoni kwangu. Huyo ndiye mwanamke wake. Ana koti la kijani, nililifua mimi."

Asimina alitafuta kiti nyuma yake kwa mkono.

"Kwa nini hakuniambia?"

"Kwa sababu ulimcheka! Siku mlipokutana, mbele ya stesheni nzima. Bibi kizee mwenye masharubu. Alinisimulia anacheka, lakini mimi namjua akicheka. Alikuwa tayari umwone mgonjwa, mlevi, chochote, lakini si hicho. Leo umemwadhibu. Sawa, alikudanganya, alistahili. Na mimi je? Mimi nilikudanganya nini?"

Simu ilikatika.

Asimina hakupata usingizi. Asubuhi ya Jumatatu alivaa lile lile koti jeusi, akaenda hadi jengo la Kiria Tasula, akagonga.

"Nani?"

"Mimi, mama. Asimina."

"Hayupo huyo unayemwita mama."

"Basi nifungulie kama mgeni."

"Wageni waliisha jana."

Alikaa kwenye ngazi. Majirani walipita, wale wale waliokuwa mezani, wakamtambua kwa picha, wakamkazia macho. Mmoja alimsalimu kwa dharau: "Ndege imetua?" Mwishowe mlango ulifunguka kidogo, na kupitia uwazi huo ukatoka mkono na aproni.

"Mgahawa umenirudishia masinia yangu ya pai, machafu. Magoti yangu hayasimami. Utaosha?"

"Nitaosha."

Aliosha. Kiria Tasula aliketi kitini akimtazama bila huruma, akimwonyesha kwa kidole pembe aliyoiruka. Asimina alisema, akiwa amempa mgongo, "Nilikuona ukifungua utepe. Nilikuwa ng'ambo ya barabara. Sitasahau ulivyoufungua."

"Kwa hiyo ulikuja kutazama," alisema Kiria Tasula. "Hata mimi ningekuja kutazama." Halafu, kwa ukali ule ule: "Sugua hiyo, bado ina mafuta."

"Stergios yuko wapi?"

"Sijui. Ameondoka mapema, amebamiza mlango. Hajabamiza mlango tangu azaliwe."

Hapo simu ya Asimina ikalia. Alikuwa baba yake.

"Asimina, kuna kijana amekuja hapa nyumbani. Anafoka. Anavuta maneno, nusu simwelewi. Anasema amekuja kuniambia binti yangu ni mtu wa namna gani. Nimpige?"

"Baba, usimpige! Mpe simu."

Ilisikika purukushani, kisha pumzi nzito.

"Stergios?"

"Uko wapi?" sauti ilitetemeka kwa hasira. "Nimekwenda dukani kwako umefunga. Nimekuja hapa haupo. Nilitaka nikwambie machoni, si kwenye simu kama wewe. Mimi ulinifanyia, sawa. Lakini mama yangu? Mjomba wangu, mzee wa watu, ametoka Kozani na fimbo!"

"Niko kwenu. Naosha masinia ya mama yako."

"Uko wapi?"

"Jikoni kwenu. Mama ameniambia. Ndege, muuguzi, yote." Kisha jambo likamgonga. "Stergios, subiri. Barabara ni saa sita. Umetoka asubuhi hii. Umefikaje Athene saa hizi?"

"Kwa ndege," alisema kwa sauti ndogo.

Kiria Tasula, aliyekuwa anasikiliza kila neno, aliinuka na magoti yake yote.

"Ndege? Wewe?"

"Nilikuwa na hasira. Sikufikiria. Nilikata tiketi natukana, nikapita ukaguzi natukana, nikakaa natukana. Nimekuja kushtuka wanagawa juisi. Nikatazama nje, nikaona mawingu yako chini. Nikamshika jirani yangu mkono. Kasisi. Bado ana alama za kucha."

Asimina alitaka kucheka, akatoa kitu kingine, kilio kilichochanganyika na povu la sabuni. "Rudi," alisema. "Rudi, nikuombe radhi."

"Njoo wewe."

"Mama yako hajamaliza na mimi. Rudi wewe. Kuna ndege nyingine mchana."

"Hasira imekwisha. Bila hasira sipandi."

"Nikutukane kidogo?"

"Usinichekeshe. Bado sijakusamehe."

"Na mimi bado sijakusamehe. Uliniambia uko kitandani. Baba yangu alivua tai mbele ya shangazi wanne, Stergios. Hukuiona."

"Ameniambia," alisema. "Sasa hivi. Kabla hajataka kunipiga."

*

Walikutana Larisa jioni hiyo hiyo, katikati ya njia, kwa sababu hakuna aliyekubali kwenda hadi kwa mwenzake. Stergios alishuka kwenye basi la kutoka kusini, Asimina kwenye treni ya kutoka kaskazini. Waliketi kwenye mkahawa wa uwanja wa katikati ya mji, nje, ingawa kulikuwa na baridi. Hawakukumbatiana. Mhudumu aliwaletea kila mmoja kibilauri cha tsipuro, pombe kali ya zabibu, na kisahani cha zeituni, akawaacha haraka.

"Ulinidanganya," alisema Asimina.

"Niliona haya."

"Ningecheka siku moja, ningeacha. Ulinifanya nikuchukie wiki baada ya wiki, na nilikuwa hodari. Hilo ndilo linaniogopesha. Nilikuwa hodari sana."

"Nilikuona," alisema Stergios. "Jana. Nilitazama nje ya kioo nikaona mwanamke wa koti jeusi anatoka kwenye duka la kahawa. Nilijua mwendo wako. Ningeweza kukukimbilia. Nikasema, muache aende, ili nipate sababu ya kumchukia na mimi."

"Ukaipata?"

"Ilinifikisha hadi Athene."

Asimina aliweka kiganja chake mezani, kikiwa wazi. Stergios alikitazama muda mrefu. Mvua nyembamba ilianza, na watu wengine wakahamia ndani.

"Mambo mawili," alisema Asimina. "Usinidanganye tena, hata kwa haya. Na mimi sitakuadhibu tena kimyakimya. Nikiwa na hasira, utasikia. Utasikia hadi ndani ya shimo la lifti."

"Na la tatu," alisema Stergios, akiweka mkono wake juu ya wake. "Unioe."

"Wewe ndiye unaniomba nikuoe?"

"Wewe ndiye uliyeiharibu posa. Itengeneze."

"Nioe mimi, mjinga wewe, nimelowa, twende ndani."

Walifunga ndoa mwezi Juni, hapo hapo Larisa, kwa sababu Mzee Periklis aliapa hatakanyaga Thesaloniki na Kiria Tasula aliapa hatakanyaga Athene. Mjomba wa Kozani alikuja, akasema kwamba safari hii amemhesabu bibi harusi kwa macho yake kabla ya kukaa. Nao wakabaki katika mji huo. Asimina alifungua duka la miwani karibu na soko, Stergios akapata majengo mengi yenye lifti mbovu.

Kiria Tasula huja kila sikukuu, kwa basi, na hupika yeye. Humpakulia kila mtu, halafu Asimina wa mwisho, na kipande anachompa ni kile cha pembeni kilichoungua. Asimina hukila chote.

"Kitamu, mama," husema.

"Najua," hujibu Kiria Tasula.